Sura ya Tano: Mnyama kwa Nyumba Yenye Watoto Wadogo

Familia nyingi kwetu hazichagui mnyama, mnyama huwajia. Paka wa jirani kazaa, panya wamezidi jikoni, basi mtoto wa paka analetwa ndani ya boksi la sabuni. Wezi wamevunja nyumba ya pili, baba anarudi jioni na mtoto wa mbwa. Shangazi anateremka kutoka Njombe na sungura wawili, zawadi ya watoto. Wiki ya kwanza nyumba nzima inamshangilia mgeni na watoto wanagombania kumlisha. Kisha shule zinafunguliwa, na kazi yote inamwangukia yule ambaye hakuulizwa: mama, bibi au dada wa kazi.

Ndiyo maana naanza na huyo ambaye hakuulizwa. Mtoto wa chini ya miaka saba hawezi kubeba dhamana ya kiumbe kingine. Anaweza kusaidia, tena kwa furaha: kumwaga pumba kwenye sahani, kubeba majani, kuita. Hawezi kukumbuka maji ya asubuhi, wala kujua kwamba mnyama aliyekaa kimya pembeni tangu jana anaumwa. Kwa hiyo mnyama wa nyumba yenye watoto wadogo ni mnyama wa mtu mzima, na anachaguliwa kwa kuangalia muda wa mtu huyo, mfuko wake na subira yake. Kama hakuna mtu mzima hata mmoja anayemtaka mnyama huyo kwa moyo wake, msimlete. Ni heri mtoto alie siku mbili kuliko mnyama ateseke miaka kumi.

Kipimo cha pili ni umri wa mtoto mdogo kuliko wote nyumbani, ambaye mara nyingi siye anayeomba mnyama. Mwombaji anaweza kuwa na miaka tisa na akawa mpole kabisa, lakini kama nyuma yake yupo mdogo wake anayetambaa, huyo anayetambaa ndiye atakayeshinda na mnyama kutwa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hushika kwa kiganja kizima: manyoya, sikio, mkia, jicho. Hajui kuachia. Kilichoko sakafuni hukitia mdomoni, kiwe chakula cha mbwa au kinyesi cha kuku. Nyumba yenye mtoto wa umri huo naishauri isubiri, au ichague mnyama mwenye makazi yake nje, kwenye banda lenye mlango na komeo. Kuanzia miaka minne mtoto anaweza kukaa kitako, kusikiliza na kugusa kwa upole akiwa na mkubwa karibu. Kuanzia saba hivi anaweza kupewa kazi yake mwenyewe, ingawa bado itakaguliwa.

Wazazi wengi hawajui kwamba watoto wadogo hawasomi uso wa mnyama. Watafiti wamewaonyesha picha za mbwa watoto wa miaka minne, na wengi waliona mbwa aliyetoa meno kwa hasira wakasema anacheka. Halafu mtoto huyo huyo huonyesha upendo kwa kukumbatia shingo na kusogeza uso, jambo ambalo mbwa wengi hulichukulia kama kubanwa. Mbwa aliyebanwa huwa ametoa dalili kabla ya kung'ata: anageuza kichwa, analamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo bila usingizi, weupe wa jicho unaonekana, mwili unakakamaa. Mtu mzima anayeketi karibu anaziona. Mtoto hazioni, na kwa kuwa kimo chake ni kimo cha mdomo wa mbwa, jeraha lake huwa usoni au kichwani.

Tumekwisha kuingia kwa mbwa, na hapa nitakaa kidogo, maana hakuna mnyama anayempa mtoto urafiki mkubwa kama mbwa, na hakuna ambaye kosa la kumchagua au kumtunza ni ghali kama lake.

Wengi wetu tunamtaka mbwa mmoja afanye kazi mbili. Usiku awe mkali kwa wezi, mchana awe rafiki wa watoto. Njia iliyozoeleka ya kumpata mkali ni kumfungia bandani au kwenye mnyororo kutwa nzima na kumfungulia usiku. Mbwa wa namna hiyo hajui watu. Anaogopa, na woga wake ndio tunaouita ukali. Siku mlango wa banda ukisahaulika, wa kwanza kukutana naye ni mtoto anayecheza uani. Ukishaamua kufuga mbwa wa mnyororo, kubali kwamba si mbwa wa watoto, weka uzio kati yao, na wala usimruhusu mtoto kupitisha vidole kwenye nondo za banda ampe mfupa.

Mbwa anayelelewa kati ya watu bado atalinda. Atabweka mgeni akigusa geti, na kwa nyumba nyingi kubweka huko kunatosha. Nikiulizwa na familia yenye watoto, husema tafuteni mbwa wa kienyeji, jike, wa umbo la wastani, na kabla ya kumtazama mtoto mtazameni mama yake. Mama anayewaacha watu wanaomjua wawashike watoto wake, anayetikisa mkia na kurudi kulala, mara nyingi huzaa watoto watulivu. Mama anayejificha nyuma ya tofali akinguruma, muacheni na watoto wake. Msikubali mtoto wa mbwa wa wiki nne hata kama mwenye mbwa anaharakisha kuwapunguza. Hadi wiki ya nane anatakiwa kuwa na ndugu zake, kwa sababu ndipo anapojifunza kipimo cha meno: akimuuma nduguye kwa nguvu, nduguye hulia na mchezo huisha. Anayeondolewa mapema huja kujifunzia somo hilo kwenye mikono ya mtoto wenu.

Mkifika kuchagua, chuchumaa na umwache aje mwenyewe. Anayekuja, akanusa kidole, akarudi kucheza, huyo ni mzuri kuliko yule anayewarukia wenzake wote na kuliko yule aliyejikunja kona. Mnyanyue ukimshika kifua kwa mkono mmoja na matako kwa mwingine. Tumbo lililojaa kama mpira huku mbavu zinahesabika ni minyoo. Fungua mdomo kidogo: fizi ziwe na rangi ya waridi, maana fizi nyeupe hueleza kwamba viroboto na minyoo wanamnyonya damu. Angalia ndani ya masikio na katikati ya vidole kama kuna kupe. Hakuna kati ya hayo linalowazuia kumchukua, ila mjue kwamba siku hiyo hiyo mnapitia kwa daktari wa mifugo kuchukua dawa ya minyoo, na kwamba dawa hiyo hurudiwa mara kwa mara katika miezi yake ya mwanzo. Mayai ya minyoo ya mbwa hukaa kwenye udongo, na watoto hucheza kwenye udongo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Hili halina mjadala. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi mno wakiwa Afrika na Asia, na kwamba wanne katika kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu maambukizi yote kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Virusi husafiri kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na dalili zikishatokea karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla ya dalili, kinga ipo na inafanya kazi. Mtu wa kwanza kujulikana kuokolewa kwa chanjo ya Louis Pasteur, mwaka 1885, alikuwa mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa, Joseph Meister. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na tarehe hiyo sasa ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Sehemu nyingi maofisa mifugo huchanja mbwa na paka bure au kwa bei nafuu karibu na siku hiyo. Ulizeni mapema ofisi ya kata.

Mtoto akiumwa, hata kama ni mkwaruzo wa jino la mbwa wenu wenyewe, mwosheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Msipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Na msimuue mbwa kwa hasira kama anaweza kufungiwa salama: mbwa anayebaki mzima siku 10 baada ya kung'ata ametoa jibu ambalo mbwa aliyezikwa hawezi kulitoa. Nyumba nzima iweke pia ahadi kwamba mtoto anayesema ameumwa hatachapwa. Watoto huficha jeraha kwa sababu walikatazwa kumchezea mbwa huyo, na ukimya huo umeondoka na maisha ya watoto ambao sindano zingewaponya.

Neno la mwisho kuhusu mbwa ni chakula. Ugali na dagaa, makombo yasiyo na viungo vingi wala kitunguu, mifupa mikubwa isiyopasuka vipande, yanatosha mbwa wengi. Mapafu na maini mabichi ya machinjioni hapana. Ndani yake huweza kuwamo vifuko vya maji vya tegu ambaye hukomaa tumboni mwa mbwa, mayai yakatoka na kinyesi, na mtoto akayameza kwa mikono michafu. Baada ya miaka uvimbe unaota kwenye ini au pafu lake. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako mbwa huishi bega kwa bega na watoto wachanga, imewahi kurekodi maradhi haya kwa viwango vya juu kabisa duniani. Kuchemsha viungo hivyo vizuri kabla ya kumpa mbwa hukata mnyororo wote.

Familia nyingi za Kiislamu hazimwingizi mbwa ndani kwa sababu ya mate yake. Kumweka uani kwa ulinzi ni jambo lililozoeleka, lakini mbwa ambaye kila mguso wake humfanya mzazi ahangaike hatafurahia maisha, wala mtoto hatafurahia urafiki huo. Nyumba hizo zina paka, na pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Unguja, imekuwa na paka barazani vizazi na vizazi.

Paka anafaa watoto wa kuanzia miaka minne au mitano, hasa kwa sababu paka aliyechoka huondoka. Hilo humfundisha mtoto kuheshimu hapana. Mwekeeni mahali pa juu ambapo mtoto hafiki, kabati au dirisha, na mtoto ajue kwamba paka akipanda huko haitwi wala havutwi. Naye achukuliwe baada ya wiki nane, akiwa amekwisha kushikwa na watu. Mtoto wa paka aliyekulia darini bila kuguswa kwa wiki saba za kwanza huenda asizoee kushikwa maisha yake yote. Achanjwe kichaa kama mbwa, apewe dawa ya minyoo, na mapema ahasiwe au afungwe kizazi, kwani ujauzito wa paka ni wiki tisa tu na watoto wanaozidi mtaani huishia kutupwa.

Mambo mawili ya paka yanataka umakini. La kwanza ni mama mjamzito. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vijidudu hivyo huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo sanduku la mchanga lisafishwe kila siku, na lisafishwe na mtu mwingine. Hakuna haja ya kumfukuza paka. Funikeni pia lundo la mchanga wa ujenzi wanakochezea watoto, maana kwa paka ni choo tayari. La pili ni sumu ya panya. Nyumba hununua paka kwa ajili ya panya na wakati huo huo inamwaga sumu nyuma ya friji; paka humla panya aliyelegea, akafa kwa kutokwa na damu ndani. Sumu hiyo hiyo inamfikia mtoto anayetambaa. Chagueni kimoja, na chagueni paka.

Sasa nitamtaja mnyama ninayempenda kuliko wote kwa watoto wa miaka minne hadi minane: simbilisi. Kwenye Nyanda za Juu Kusini, Iringa, Njombe na Mbeya, na ng'ambo kule Kivu ya Kusini nchini Kongo, hufugwa kwa kitoweo, na mara nyingi ni watoto wanaowakatia majani. Mjini anafugika kwenye boksi pana la mbao lenye wavu. Huuma kwa nadra, haruki, hapandi, hana makucha ya paka, na akisikia majani yanachakatwa hupiga mluzi ambao mtoto atauita jina lake. Mkaribisheni hivi: tandikeni mkeka, mtoto akae amenyoosha miguu, khanga iliyokunjwa juu ya mapaja, simbilisi awekwe hapo na mtu mzima, na mtoto ashike jani la mchicha. Simbilisi atasimama kama jiwe kwa dakika nzima. Kisha pua itaanza kucheza, atauma ncha ya jani, na jani litazama mdomoni likivutwa taratibu, huku mtoto akisikia mtetemo wa kutafuna kupitia khanga. Mtoto asiyetulia hata kwa katuni hutulia hapo. Asisimame akiwa amemshika, kwani simbilisi akianguka kutoka kifuani mwa mtoto anavunjika.

Simbilisi, kama sisi, hawezi kujitengenezea vitamini C. Asipopata majani mabichi au vipande vya pilipili hoho kila siku huugua. Anahitaji mwenzake, kwa hiyo wanunuliwe wawili, na wote wawili wawe majike. Jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa mwezi mmoja hivi, na mkileta dume na jike mtakuwa na ukoo kabla mwaka haujaisha.

Sungura anavutia macho kuliko simbilisi lakini ni mgumu kwa wadogo. Hapendi kubebwa. Akinyanyuliwa vibaya hupiga teke kwa miguu ya nyuma kwa nguvu inayoweza kuvunja uti wake mwenyewe wa mgongo, na kumshika kwa masikio ni ukatili. Joto la Dar es Salaam au Mombasa linamtesa. Sehemu za baridi kama Lushoto na Limuru zinamfaa. Mleteni sungura wakati mtoto ana miaka minane, na mchezo uwe wa chini, sungura akimjia mtoto.

Wapo pia ambao tayari tunao bila kuwahesabu. Kuku wa kienyeji wawili watatu ni wanyama wazuri sana kwa mtoto wa miaka mitano: anaokota mayai, anaona kuku akilalia siku 21, anaona kifaranga akitoboa ganda. Wachanjwe mdondo, kwa tone la jicho, kila miezi mitatu, na mtoto anawe mikono kwa sabuni kila anapotoka bandani. Lakini amueni siku ya kwanza kama kuku huyu ni wa kuliwa, na mwambieni mtoto. Kuku aliyepewa jina na mtoto asichinjwe kwa kushtukiza siku wageni wanapokuja. Nimewaona watu wazima wenye wajukuu wanaokumbuka kwa uchungu jogoo wao aliyeonekana mezani. Kama mnajua atachinjwa, teueni mmoja ambaye hataguswa, na neno hilo lishikwe.

Njiwa nao ni watulivu, dume na jike hushikamana, wote wawili hulalia na wote wawili hulisha makinda. Samaki wa mapambo ni wa kutazama tu, na wanataka tangi pana linalosafishwa, si bakuli.

Kasuku, kobe na tumbili naomba tuwaache. Kasuku wa kijivu huweza kuishi zaidi ya miaka arobaini, na biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa porini imepigwa marufuku. Kobe hubeba salmonela, ambayo ni hatari hasa kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tumbili akikomaa huuma. Na wanyamapori wote, Kenya na Tanzania, hawafugwi bila kibali.

Mnyama atakufa, na mara nyingi atakufa mtoto akiwa bado mdogo. Msiseme amesafiri, wala msimbadilishe usiku kwa mwingine anayefanana naye. Semeni amekufa, mruhusuni mtoto asaidie kuzika, mpeni nafasi ya kulia. Wakusanyaji wa hadithi Bukhari na Muslim wamepokea habari za Abu Umayr, mtoto mdogo wa Madina, ndugu yake Anas bin Malik, aliyefiwa na ndege wake wa kuchezea; Mtume (S.A.W.) alimwendea mtoto huyo akamuuliza habari za ndege wake. Mtu mwenye shughuli za umma wote alipata muda wa huzuni hiyo ndogo.

Kabla ya kuamua, jaribuni. Msimu wa sikukuu majirani husafiri kwenda mikoani na hawana wa kuwaachia wanyama. Ombeni paka wao, au simbilisi wao, wiki moja. Msibadilishe ratiba yenu: shule, kazi, foleni, kila kitu kiwe kama kawaida. Angalieni ni nani anamwekea maji siku ya tano, na kama mtu huyo bado anafanya hivyo bila kununa. Angalieni mtoto mdogo anavyomshika. Wekeni pia akilini kwamba ninyi nanyi mtasafiri, na tajeni kwa jina mtu atakayewapokelea mnyama. Usiku sikilizeni kifua cha kila mtoto, hasa kama kuna pumu katika ukoo. Chafya zisizokatika, macho mekundu au kubanwa pumzi vikianza, mrudisheni mnyama kwa mwenyewe, mkamwone daktari, na hapo ndipo mzungumze tena kuhusu kuku.